Barua kutoka Portland: Fumueni, msibomoe

Wapendwa wa Lweba, kwetu Kongo,

Tangu juzi nimeisikiliza mara tatu sauti aliyonitumia mdogo wangu, na usingizi umenikimbia. Anataka nitume dola 600 ili nyumba ya baba ibomolewe kabla mvua hazijaanza. Matofali yapondwe yawe kifusi cha msingi, boriti za zamani ziingie kwenye tanuru kuchoma matofali mapya, kisha juu tupige mikaratusi na manjanja, yaani mabati, mapya. Anayasema hayo kwa furaha ya mtu anayeleta habari za arusi: “Yaya, tutaondoa lile gofu, nasi tuwe na nyumba ya kisasa.”

Mdogo wangu, boriti unazotaka kuzitia motoni ni mvule. Baba alizishusha kutoka mlimani kabla wewe hujazaliwa, zikiwa mabegani mwa wanaume wa ukoo, wakilala njiani. Vita vya 1996 vilizikuta juu ya kuta zile na vikaziacha pale pale. Mvua zimezipiga miaka mingi bila manjanja, nazo zimesimama. Leo mwana wa nyumba ndiye anayezitafutia kiberiti!

Nimekuwa nikiwaambia kwamba huku nafanya ujenzi, na mmenielewa kuwa najenga. Sijengi. Nafumua nyumba, na kazi hiyo inanilisha mimi na wanangu. Portland, mji wa jimbo la Oregon, una sheria iliyoanza tarehe 31 Oktoba 2016. Nyumba iliyojengwa mwaka 1916 au kabla ya hapo haiangushwi kwa tingatinga, isipokuwa imekuwa hatari au imeharibika kiasi cha kutofaa tena. Inafumuliwa kwa mikono, ubao baada ya ubao, na watu wenye cheti cha kazi hiyo. Mwaka 2020 wakaipanua sheria ikashika nyumba zote za hadi mwaka 1940. Mwenye nyumba hata awe tajiri namna gani, akiwa na haraka namna gani, lazima atungoje sisi na mitaimbo yetu.

Mara ya kwanza nilipong'oa ubao wa paa la nyumba ya miaka mia moja, nilikaa chini nikautazama. Ni mti wao wa jamii ya msonobari, Douglas fir, ambao zamani uliachwa msituni mamia ya miaka kabla ya kukatwa. Pete zake zimebanana kama mistari ya daftari. Ubao mpya wa dukani una pete pana, mwepesi, laini. Ndiyo maana ubao wa zamani hununuliwa mara nyingi kwa bei inayopita ya ubao mpya. Uko hata mradi mkubwa katika barabara ya Mississippi hapa mjini, The ReBuilding Center, unaouza vitu vya nyumba zilizofumuliwa tangu 1998: milango, madirisha, sinki, boriti, mpaka vitasa. Watu wenye magari mazuri huenda Jumamosi wakabeba mlango mzee kifuani kama mtoto.

Mwaka jana familia moja ya walimu ilinunua duka lililokuwa limekufa, kona moja imeoza, paa limebonyea, njiwa ndani. Nikawasaidia siku zangu za mapumziko. Kona iliyooza tulikata tukaunga boriti kutoka ghala lililofumuliwa. Sakafu ya jikoni ilitoka kwenye nyumba niliyoifumua mwenyewe. Kaunta ya duka, ubao mmoja mrefu wenye alama za visu, sasa ni meza ya kulia. Watoto watatu wanafanyia hapo kazi za shule. Ilichukua miezi kumi na minne, na hakuna aliyewacheka kwamba wamekosa pesa za nyumba mpya.

Hapo ndipo linaponiuma. Huku mwenye pesa anang'oa msumari mmoja mmoja ili asipoteze ubao. Kwetu, anayehesabu faranga kununua ndakala, dagaa wetu, anawasha moto kwa mvule. Huku sehemu kubwa ya misitu ya kale imekwisha, wakajuta, wakaweka sheria. Sisi tunauona mlima unavyobaki kichwa wazi, na bado boriti iliyokwisha kukatwa na kukauka tunaiita takataka.

Msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Kufumua ni neno letu. Nani kati yenu hajafumua paa la nyasi, akatenga fito nzima na fito mbovu? Na mama je? Aliporudi kutoka ukimbizini Tanzania mwaka 2006, meli Mwongozo ikamshusha bandarini Baraka kutoka Kigoma, alikuta kuta na boriti tu. Mlango wa chumba chake aliuona kwa jirani, umewekwa juu ya matofali, umekuwa kitanda. Hakugombana. Alitoa mbuzi, mbuzi pekee aliyekuwa naye, akaurudisha mlango nyumbani akiwa ameubeba kichwani. Mimi nilikuwa ningali kambini Nyarugusu, nilihadithiwa. Mama aliyelala miaka kumi chini ya turubai alijua bei ya ubao kuliko ninyi mnaolala chini ya dari.

Basi kazi ifanyike hivi, na hizo dola nitazituma kwa kazi hii tu. Anzeni juu mshuke: boriti, fremu za madirisha, kisha milango; kuta ziacheni zisimame. Kila boriti iandikwe namba kwa chaki kabla haijashuka. Msumari usipigwe ukazama ndani. Ng'oeni, nyosheni, wekeni kwenye kopo. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa mkiipitisha juu ya ubao itawaonyesha msumari uliojificha, kabla haujavunja meno ya msumeno na kuharibu randa ya fundi. Gongeni kwa mpini wa nyundo: mti mzima unalia, mti uliooza unanyamaza. Kisha chomeni kwa ncha ya kisu, hasa ncha zilizokuwa ndani ya ukuta, maana huko ndiko uozo huanzia. Ncha mbovu ikatwe. Boriti iliyopungua itakuwa fremu ya mlango. Iliyopasuka kwa urefu isibebe paa tena. Mbao zipangwe juu ya mawe, kivulini, na vijiti katikati hewa ipite. Zenye rangi ya zamani msizikwangue zikiwa kavu, wala mama asizipikie kabisa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978 kwa sababu vumbi lake linadhuru akili za watoto. Na fundi akileta mikaratusi iliyokatwa wiki iliyopita, arudi nayo. Mti mbichi ukikauka juu ya nyumba unajinyonga, na manjanja yenu mapya yatafunguka kwa upepo wa kwanza wa ziwa.

Wale wa kando ya maji, maneno haya ni yenu zaidi. Mwaka 2021, na tena 2024, mliona Ziwa Tanganyika lilivyopanda likaingia nyumbani mwa watu, Baraka na Uvira. Wengi waliondoka na magodoro tu, milango ikabaki inaelea. Maji hupanda polepole, hutoa siku. Siku hizo zinatosha kufumua paa na kwenda kuliweka juu zaidi, mbali na ufuko.

Baba mdogo, wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Naomba jambo hili lizungumzwe lubunga, barazani petu, mbele ya wote, kabla mtu hajagusa nyundo. Kuta zile ni nene na zimenyooka. Zikipata paa, mama atalala chumbani kwake mwaka huu huu.

Nawe mdogo wangu, sijakukasirikia. Unataka mama akae pazuri, nami nataka hivyo hivyo. Ila katika picha ulizonituma nimehesabu milango mitatu, na ilikuwa minne. Ule wa mbuzi siuoni. Nipigie leo, hata usiku, uniambie uko wapi.