Majira ya Baridi Sarajevo: Joto la Nyumba na Haki ya Jirani

Mji wa Sarajevo, makao makuu ya Bosnia na Herzegovina, umekaa ndani ya bonde jembamba linalopitiwa na mto Miljacka kutoka mashariki kwenda magharibi. Kusini umesimama mlima Trebević, na mbali zaidi ipo Jahorina, Bjelašnica na Igman, milima iliyopokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1984. Atakayefika huko mwezi wa Januari, kama tulivyofika sisi, atapokewa na mambo mawili kabla hajaonyeshwa msikiti wala soko: baridi inayoshuka chini ya nyuzijoto sifuri, na harufu ya moshi. Baridi tuliitarajia. Moshi ndio uliotufanya tuandike makala haya, kwa kuwa tuliona ndani yake somo la haki ya jirani linalozihusu hata familia zetu ambazo hazijapata kuona theluji.

Tulianza ziara yetu Baščaršija, soko la kale lenye vichochoro vya wafua shaba, ambako umesimama msikiti wa Gazi Husrev-beg uliokamilika mwaka 1531. Gavana huyo wa zama za Waosmani aliuwekea mji wakfu mkubwa: msikiti, madrasa, maktaba, hamamu na maduka ya kuyagharimia yote hayo. Pembeni ya msikiti upo mnara wa saa unaofuata hesabu ya kale, ambayo saa kumi na mbili ndiyo wakati wa jua kuzama. Wageni wengi huistaajabia saa hiyo, ila Mswahili haimpi tabu, maana ndivyo anavyohesabu nyumbani kwao. Tofauti ni kwamba Januari jua la Sarajevo huzama mapema mno, na usiku huchukua takriban saa 15. Usiku mrefu kiasi hicho hauishi kwa blanketi peke yake. Lazima nyumba iwe na moto, na moto una gharama, una majivu na una moshi.

Mwenyeji wetu ni mhitimu wa madrasa hiyo ya Gazi Husrev-beg, iliyoanzishwa mwaka 1537, na lugha iliyotuunganisha naye ilikuwa Kiarabu. Anaishi katika mtaa wa mlimani, ambao wao huuita mahala, pamoja na mkewe, watoto wake na mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima humwita Nana, yaani bibi. Sebuleni kwao kuna jiko la chuma lenye kioo mbele, kimo chake kinafika kiunoni mwa mtu mzima. Hilo ndilo jiko la peleti, nalo kwa sasa limeenea katika nyumba nyingi za nchi hiyo.

Peleti ni vijiti vidogo vya mbao iliyoshindiliwa, upana wake kwa kawaida milimita 6 na urefu wake haufiki sentimita 4. Hutengenezwa kwa unga wa mbao na maranda ya viwanda vya kupasulia magogo. Unga huo hukaushwa, husagwa, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupita katika matundu ya chuma. Joto la msukumo huo hulainisha lignini, ambayo ni gundi aliyoiweka Muumba ndani ya mti wenyewe, na vijiti vikipoa hushikamana bila kuongezwa gundi nyingine. Msomaji aliyepata kutumia lile jiko letu la maranda, ambalo kopo lake hujazwa unga wa mbao na kushindiliwa kuizunguka chupa ili chupa ikitolewa ibaki njia ya hewa, ataona kwamba wazo hilo si geni. Kilichoongezwa ni ukavu na kipimo. Kuni zilizokatwa karibuni huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na moto hupoteza nguvu nyingi kuyachemsha maji hayo na kutoa moshi mzito. Peleti nzuri ina unyevu usiozidi asilimia 10. Kilo 2 za peleti hukaribia kutoa joto la lita 1 ya mafuta ya kupashia nyumba.

Mwenyeji wetu alitufungulia jiko lilipopoa ili tuone linavyofanya kazi. Juu kuna sanduku la kumiminia peleti kutoka mfuko wa kilo 15. Chini yake skrubu ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha kuchomea. Kijiti cha chuma kinachopashwa kwa umeme huwasha moto wa mwanzo. Feni moja huvuta hewa na kuutoa moshi nje kwa bomba, na nyingine hutawanya hewa ya moto chumbani. Mtu huchagua kiwango cha joto anachokitaka, na jiko lenyewe hupunguza au kuongeza ulaji wake. Hakutuficha kasoro zake. Umeme ukikatika, jiko huzimika. Mifuko ikipata unyevu, peleti hurudi kuwa unga. Kikombe na trei ya majivu havitaki kusahauliwa, na bomba la moshi lazima lisafishwe na fundi kila mwaka.

Nana hazungumzii joto bila kuzungumzia vita. Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Gesi, umeme na maji vilikatwa, na watu wakapita majira manne ya baridi chini ya mabomu. Miti ya bustani na ya kandokando ya barabara ilikatwa kwa ajili ya kuni. Ilipokwisha, watu walichoma samani, viatu na vitabu. Nana alitueleza kwamba wao walianza na kabati, wakafuatia viti, na kwamba vitabu vya dini walivifunga ndani ya shuka na kuviweka chumba kingine ili mkono wa mtu mwenye baridi usivifikie. Kisha, mwezi Januari 2009, mgogoro wa gesi baina ya Urusi na Ukraine ulipofunga mabomba, nyumba nyingi za mji huo zilibaki tena bila joto katikati ya baridi kali. Ndiyo maana mtu wa Sarajevo hulala kwa utulivu akijua kwamba mifuko yake ya msimu mzima imepangwa ghalani, mahali pakavu.

Lakini usalama wa nyumba moja unaweza kuwa dhiki ya nyumba ya pili. Siku ya tatu tulipanda gari la kamba la Trebević, lililoharibiwa na vita na kufunguliwa upya Aprili 2018. Mjini hapakuwa na jua siku hiyo. Watu walitembea wamejifunga vitambaa puani. Tulipopanda juu, ghafla tukatoka kwenye jua kali na anga ya buluu, na chini yetu bonde lote lilikuwa limefunikwa na wingu la kijivu. Mwenyeji wetu alitueleza sababu. Katika siku tulivu za baridi, hewa baridi nzito hutulia bondeni na hewa ya vuguvugu hukaa juu yake mithili ya kifuniko. Moshi wa majiko ya makaa ya mawe na kuni mbichi, pamoja na wa magari chakavu, hukosa pa kutokea. Katika siku kama hizo Sarajevo hutajwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani, na madaktari huwashauri wazee na wenye pumu wasitoke nje.

Tulimwuliza kama jiko lake la peleti limemtoa katika lawama. Alisema hapana: limempunguzia. Jiko hilo likitunzwa hutoa moshi mdogo sana kuliko jiko la makaa ya mawe, lakini halikosi kutoa. Kwa hiyo aliziba nyufa za madirisha na kufunika dari kwa vizuia baridi kabla ya kununua jiko, ili ateketeze mifuko michache zaidi.

Kwa kuwa nasi ni watumishi wa kamati ya msikiti, tuliomba kuona msikiti wa mtaa wao unavyopashwa joto. Tulikuta chumba cha chini chenye boila la peleti. Hapo awali lilikuwepo la makaa ya mawe, na bomba lake lilielekea dirisha la mjane mmoja anayeishi ukutani mwa msikiti. Kwa miaka mingi hakulalamika, kwa kuuheshimu msikiti. Jambo lilipofika kwenye kamati, wajumbe waligawanyika. Baadhi walisema makaa ni rahisi na waumini hawana fedha. Wengine wakauliza iwapo inafaa watu wafanye rukuu na sujudi kwa raha huku mwanamke wa jirani akikohoa. Rai ya pili ndiyo iliyoshinda, na fedha zilichangwa kwa misimu miwili. Haikuwa rahisi, kwani mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha mno bei ya peleti Ulaya nzima. Bosnia, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni misitu na ambayo huuza peleti nyingi Italia, ililazimika kuzuia kwa muda usafirishaji wake nje ili wananchi wake wapate. Wapo mtaani ambao mpaka leo huchoma makaa kwa sababu hawana uwezo wa jiko jipya, na kamati imeanza kuwatazama hao kabla ya kupaka rangi mnara.

Tunajua Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika urithi. Tunajua pia kanuni ya wanazuoni inayokataza kudhuru na kulipizana madhara. Mara nyingi tunapozisoma huwaza ugomvi wa mpaka na kelele za ngoma. Moshi nao umo ndani yake.

Usiku mmoja tulimwuliza mwenyeji wetu swali la kisheria. Mtume (S.A.W.) alikataza moto uachwe ukiwaka nyumbani watu wanapolala, na jiko lake huwaka mpaka Alfajiri. Alitukumbusha sherehe ya Imam Nawawi, ambaye alieleza kwamba taa zilizotundikwa zikihofiwa kuleta moto huingia katika amri ya kuzimwa, na kukiwa na amani hapana ubaya. Yaani hukumu huifuata sababu yake, na sababu ni madhara. Jiko lake limefungwa, hewa yake chafu yote hutoka kwa bomba, na ukutani ameweka king'ora kinacholia gesi ya sumu ikizidi. Bila ya hayo, alisema, angelizima.

Hapo fikra zetu zilirejea Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huingia mifupani. Huko zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani, zikafunga dirisha na mlango, zikalala. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, na watu hudhani hauna hatari. Kumbe hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba hewa safi. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huzidi, na wengine hawaamki. Sababu ya katazo la Mtume (S.A.W.) hapo imetimia bila shaka yoyote.

Basi wazazi na tuwafundishe watoto na wasaidizi wa nyumbani kwamba jiko la mkaa halilali chumbani na watu, hata kwa dakika chache za kuota. Chumba kipashwe kabla, jiko litolewe nje, kisha dirisha lifunguliwe hewa ibadilike ndipo watu walale. Na kamati za misikiti yetu, zinapopika kwa ajili ya futari na maulidi, ziangalie moshi wa kuni unaelekea dirisha la nani.

Allah (S.W.) ametukumbusha katika Sura Yasin kwamba Yeye ndiye aliyetupatia moto kutokana na mti mbichi. Tunamuomba atujaalie kuitumia neema hiyo bila ya kumdhuru aliye ndani ya nyumba wala aliye nyuma ya ukuta. Wabillahi tawfiq.