Unguja, Kisiwa cha "Kula, Mwanangu"

Boti ilikuwa haijafunga kamba bandarini Malindi, binti yangu akaniuliza swali lake la kila siku: "Mama, huku nitakula nini?" Ana miaka minane. Tangu ana miaka mitatu hali soya, maana humvimbisha midomo na kumbana kifua, na amejifunza kuuliza kabla ya kushika. Kwenye sherehe za watoto wenzake hukaa na kisanduku chake cha chakula kutoka nyumbani. Keki ikigawiwa, huitazama keki, kisha hunitazama mimi.

Nilimwambia tutaona. Kwetu Dar es Salaam swali hilo lina majibu machache. Soya haikai mahali pamoja ukaizoea. Imo kwenye biskuti. Imo kwenye chokoleti nyingi kwa jina la lesithini, inayoifanya chokoleti itiririke vizuri inapomiminwa, na kwenye pakiti huenda ikaandikwa E322 tu, namba isiyokuambia kama imetoka kwenye soya au kwenye alizeti. Uji wa lishe, ambao kila mama hushauriwa kumpikia mwanawe, mara nyingi unga wake umesagwa pamoja na soya. Kuna sambusa zinazoongezwa nyama ya soya ili zijae. Daktari wetu alitueleza kuwa mafuta ya soya yakisafishwa sana hubaki na protini ndogo mno, na wengi wenye mzio huyala bila shida, lakini kwa huyu wetu akasema tuyaepuke mpaka atakapopimwa tena. Basi nimekuwa mtu wa kusimama dukani nikisoma maandishi ya nyuma ya pakiti huku foleni ikinipita. Kuna siku mtu mmoja, kwa upendo wake tu, alimpa biskuti kwenye sherehe shuleni. Usiku ule tulikesha hospitali.

Niliivuka bahari na begi lililojaa mahindi ya kukaanga na ndizi kavu, dawa zake zikiwa mfukoni. Begi lile lilirudi karibu kama lilivyokwenda.

Asubuhi ya kwanza tulitoka nyumba ya wageni Mji Mkongwe mapema, jua halijafika chini kwenye vichochoro. Harufu ya tui linaloungua kidogo ndiyo iliyotuongoza. Kwenye kona, kando ya mlango wa mbao wenye nakshi, bibi mmoja alikuwa ameketi mbele ya jiko la mkaa na chuma cha vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Samahani, bibi. Mtoto wangu ana mzio, kuna vitu akila anaumwa. Umetia nini humu?"

Nilizoea watu wakasirike kwa swali hilo, kana kwamba nimewaambia ni wachafu. Yeye aliweka upawa chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanihesabia polepole kwa vidole: mchele uliolala majini usiku kucha, tui, sukari, hamira, hiliki.

"Na mafuta?"

Akainua chupa iliyokuwa miguuni pake. "Ya nazi. Nimepika mwenyewe juzi." Kisha akamgeukia binti yangu, akamtazama yeye wala si mimi. "Wewe wataka kitumbua? Kula, mwanangu."

Nilimpa ishara ya kichwa. Sijui nieleze vipi uso wa mtoto aliyeambiwa ale kitu cha barabarani, cha moto, kilichopikwa mbele yake kwa ajili ya mtu yeyote apitaye. Tulisimama pale tukimwangalia bibi akitia tone la mafuta kwenye kila shimo, akafuatisha unga, akasubiri. Kingo zikaanza kuwa za kahawia, katikati bado kunatetemeka, ndipo akageuza kimoja kimoja kwa kijiti. Kitumbua kizuri huvunjika ukoko kwanza, kisha ndani unakutana na matundu madogo yaliyojaa mvuke wa nazi, na hiliki inakuja mwisho, ukishameza. Alikula vinne. Mimi sikuhesabu vyangu.

Siku zile nilifikiri sana kwa nini kisiwa hiki kilimfungulia mlango mtoto wangu kwa urahisi hivyo. Nadhani jambo lenyewe limo kwenye mafuta na kwenye unga. Vitamu vya mwambao vimejengwa juu ya nazi na samli, juu ya mchele, ufuta, njugu na tende. Soya ilikuja kuchelewa: Wajerumani waliileta Tanganyika kwenye kituo chao cha kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907. Wakati huo bibi wa bibi yule alikuwa keshajua kukuna nazi. Sina ugomvi na soya, ni chakula chenye nguvu na kimewalea watoto wengi wa watu. Ila nilifurahi kufika mahali ambapo vitafunio vilikamilika bila kuihitaji.

Darajani tulikwenda mchana. Jengo la soko lile ni la mwaka 1904, na jina la mtaa limebaki kutoka kwa daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono wenyewe ulishafukiwa, watu wanapita juu yake wakiwa na makapu. Kwenye meza za nje kuna ubuyu mwekundu umefungwa kwenye vifuko vidogo. Muuzaji, kijana mwenye kofia ya kiua, alinitajia vilivyomo bila kusita: mabuyu yenyewe, sukari, rangi, hiliki, vanila, na pilipili kwa wanaotaka. Kando yake palikuwa na kashata za njugu, na kwa kuwa njugu na soya ni ndugu wa ukoo mmoja wa mikunde, niwaambie wazi wazazi wenzangu kwamba binti yangu amepimwa njugu na hazimdhuru. Mwingine huenda zikamdhuru. Palikuwa na kashata za ufuta, tende zilizobanwa, shokishoki zenye nywele nyekundu, na mabungo, ambayo juisi yake ina ukali na utamu ambao sijauonja kwenye tunda jingine lolote. Matunda hayakuhitaji swali hata moja. Alinunua shokishoki kwa pesa yake mwenyewe, akazimenya akitembea.

Mwenye duka la halua alituruhusu kuingia nyuma. Sufuria ya shaba, pana kuliko meza yetu ya kulia, ilikuwa imejengewa juu ya meko, na mtu mmoja amesimama akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Wanga ulioyeyushwa majini, sukari, samli, hiliki, zafarani, na lozi za kutupia mwisho. Kazi yote ni mkono, kwa zaidi ya saa mbili, kwa sababu ukiacha kidogo tu inashika chini na sufuria nzima imeharibika. Mara ya kwanza kuchungulia ilikuwa uji. Baadaye ikawa inang'aa, nzito, inavutika pamoja na mwiko, na samli ikaanza kujitokeza pembeni. "Hapo ndipo imeiva," alisema yule mkorogaji, jasho limemlowesha shati. "Ikikubali kurudisha samli."

Halua hii ina ndugu yake Muscat. Seyyid Said, mtawala wa Oman, aliyahamishia makao ya utawala wake Unguja mwaka 1840, na familia zilizovuka naye na baada yake zilikuja na masanduku, na mapishi. Hadi leo ukikaribishwa kahawa nyumba ya Kioman au nyumba ya Mzanzibari, sahani inayokuja kwanza unaijua. Nilimuuliza mwenye duka kama mafuta mengine huingia. Akanijibu kitu nilichokishukuru: "Sisi twatia samli tu. Lakini kuna wanaotia mafuta ili bei ishuke. Ukinunua kwengine, uliza." Angeweza kuniacha niamini kwamba halua zote ni sawa.

Tuliila Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana na wazee wamekaa barazani na vikombe vya kahawa chungu. Kipande cha halua, funda la kahawa, kipande tena. Binti yangu hakupewa kahawa. Mzee mmoja alimsogezea nafasi barazani na kumuuliza anasoma darasa la ngapi, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyezungumzia mzio.

Usiku Forodhani ulikuwa na mtihani wake. Bustani ile iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009 huwa na taa, moshi na watu, na kila mtoto huvutwa na Zanzibar pizza, ule unga mwembamba unaotandazwa mbele yako, ukajazwa nyama, yai na kitunguu, ukafumbwa na kukaangwa. Kuna ya ndizi na chokoleti, na hiyo ndiyo aliyoitamani. Nilimuomba kijana kopo la chokoleti. Tulilisoma pamoja kwa tochi ya simu: lesithini ya soya. Nikamuuliza kama anaweza kumtengenezea ya ndizi peke yake.

Alifikiri. Akatazama bati lake la kukaangia, akatazama ndoo ya mayonezi. "Dada, bati ni hili hili moja, kila kitu kinapita hapa. Na mafuta haya nimepimiwa dukani, sijui ni ya nini. Usimpe."

Kijana yule alikuwa na foleni na alikuwa anapoteza mauzo. Nimekwisha kula kwenye hoteli za gharama kubwa ambako nilijibiwa "haina shida" na mtu ambaye hakwenda hata jikoni kuuliza. Neno lile "sijui, usimpe" lina thamani kwangu kuliko uhakika wa haraka haraka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha kwa kidole penye mashine ya miwa. Huko muwa huingia na kipande cha tangawizi na ndimu katikati ya magurudumu ya chuma, juisi inatoka na povu, na hakuna kingine cha kuulizia. Binti yangu alikunywa glasi yake akiwa amekaa ukutani, miguu inaning'inia upande wa bahari, akiwatazama vijana wakijirusha majini.

Siku ya tatu tulipanda daladala kwenda Jambiani, kwa mama mkwe wa rafiki yangu. Pwani ya mashariki maji hupwa mbali sana, na wakati wa kupwa unawaona wanawake huko mbele wakihudumia mashamba ya mwani, kazi iliyoanza kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani umeanikwa mbele ya nyumba. Bi mkubwa yule alikuwa ameshaambiwa habari za mtoto, naye alikuwa amejiandaa: shelisheli la kuchemsha, ndizi mbivu kwenye tui, na nazi sita zimefuliwa zinangoja.

"Leo wewe ndiye mpishi," alimwambia binti yangu, akamketisha juu ya mbuzi.

Kwetu mjini tunasaga nazi kwa mashine, au tunanunua tui la pakiti. Hakuwahi kukalia mbuzi. Mwanzo nazi ilimteleza, ikarukia mchangani, wajukuu wa nyumba ile wakacheka naye akacheka. Bi mkubwa alimshika mikono kwa nyuma, akamwonyesha kuizungusha nazi badala ya kuisukuma, na kuacha kabla hajafika kwenye ganda la kahawia ili isichafue rangi. Alikuna nazi mbili nzima. Sukari ikawekwa jikoni na maji kidogo mpaka ikavuta uzi, nazi ikaingia na hiliki iliyotwangwa muda ule, wakakoroga kwa zamu hadi ikaanza kubanduka kwenye sufuria. Wakaimwaga juu ya sinia lililopakwa samli, wakaikata ingali moto, mistari ya kushoto kwenda kulia kisha ya mshazari.

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu azaliwe. Alibeba sinia, akazunguka ua mzima akigawa. Alianza kwa bi mkubwa, akaenda kwa wajukuu, kwa jirani aliyekuwa akipita na kitita cha makuti, kwangu. Yeye alijichukulia cha mwisho.

Bi mkubwa alitufungia kashata zilizobaki kwenye kopo la maziwa lililooshwa vizuri. Kwenye boti ya kurudi Dar, kiti cha pembeni yake alikaa mvulana wa umri wake, macho yote kwenye kopo. Binti yangu alifungua kifuniko, akalinyoosha kopo kwake, kisha akalirudisha nyuma kidogo.

"Kuna kitu ukila unaumwa?" alimuuliza. "Hii ina nazi, sukari na hiliki. Na samli kidogo, ya kwenye sinia."

Mvulana alimtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema binti yangu, "kula."