Dhahabu ya Wadachi Ng'ambo ya Ziwa

Mtaa wa Nyamianda, kama mji mzima wa Uvira, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Asubuhi jua huchomoza juu ya milima ya Burundi; usiku, wavuvi wa ndagala wakiisha kuwasha taa zao, huonekana pia taa za Bujumbura. Wasomaji wetu wa Uvira hawana haja ya kuelezwa hayo. Lakini watoto wao wengi hawajui ya kuwa hadi mwaka 1916 ng'ambo ile ilikuwa nchi ya Wadachi, wala ya kuwa baadhi ya Wadachi hao waliiacha Ulaya kwa ajili ya kitu kile kile kinachowatoa vijana wetu shuleni: dhahabu.

Basi leo twende safari tukaifuate. Tuvuke hadi Kigoma, tupande gari la moshi mpaka Tabora, kisha tugeuke kaskazini mashariki hata nchi ya Wanyiramba, mkoani Singida. Huko ndiko Sekenke. Wadachi waliigundua dhahabu yake yapata mwaka 1907, na mwaka 1909 machimbo yakaanza kazi. Fikirini, ndugu: wakati huo reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijafika hata Dodoma!

Dhahabu ya Sekenke si ya kuokotwa mtoni. Imejificha ndani ya mwamba. Jiwe sharti livunjwe, lisagwe liwe unga, lioshwe. Kisha unga upitishwe penye zebaki, maana zebaki huishika dhahabu na kuuacha mchanga upite. Mwisho zebaki hufukuzwa kwa moto. Kazi hiyo yataka mashine, na mashine zataka mtaji. Kwa hiyo Mdachi maskini, aliyetoka kwao na sululu yake na matumaini yake, hakufika mbali. Aliyefika ni kampuni. Nao walioshuka mashimoni kuupasua mwamba walikuwa Waafrika.

Vita vya 1914 vilipozuka, Waingereza waliifunga bahari, fedha kutoka Ulaya ikaadimika. Ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, Wadachi walipoigeuza dhahabu ya Sekenke kuwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja ni tai. Upande wa pili ni tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja yapata gramu 7, na robo ya uzito huo si dhahabu. Ni sarafu nzuri sana, tukubali. Ila wenyewe hawakuzifaidi muda mrefu. Mwezi Juni mwaka ule ule askari wa Kongo, wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji, waliitwaa Usumbura. Mwezi Julai Kigoma. Na tarehe 19 Septemba waliingia Tabora. Nyuma yao walikwenda wapagazi, na mpagazi hakupigiwa sarafu ya tembo.

Msafiri akifika Kigoma na aulize habari za meli Liemba. Wadachi waliileta vipande vipande, wakaiunga hapo na kuiita Goetzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isishikwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikawachukua watu na mizigo ya ziwa hili kwa miaka mingi. Chuma chao kimetufaa kuliko dhahabu yao.

Wadachi walikuja tena. Baada ya vita walikuwa wamefukuzwa Tanganyika, lakini tangu mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na wengine walipata mashamba katika nyanda za juu za kusini. Miaka ya 1930 bei za mazao zikaanguka dunia nzima, bali dhahabu ikapanda. Tena mto Lupa, upande wa Chunya, ulikuwa umeonekana tangu mwaka 1922 kuwa na dhahabu ya mchanga, ambayo hata mtu mwenye karai na jembe aweza kuitafuta. Basi Waingereza, Makaburu, Wagiriki na Wadachi wakakimbilia huko, kila mmoja na vibarua wake, wakigombea hata maji ya kuoshea mchanga, maana kiangazi huko ni kikali. Wachache walitajirika, wengi walipata ya chakula na deni la duka. Mwaka 1939 vita vikazuka tena, nao wanaume wa Kidachi wakawekwa kizuizini. Mara mbili kwa umri wa mtu mmoja!

Sasa turudi ng'ambo yetu. Nyuma ya milima yetu, katika Mwenga, iko Kamituga, ambako kampuni za Wabelgiji na waliowafuata zilichimba mpaka miaka ya 1990. Zilipoondoka, mashimo yalibaki, na vijana wakayaingia. Sisi walimu twalijua jambo hili kwa kuhesabu madawati. Wazazi wapenzi, msimkemee tu kijana anayetaka kwenda. Keti naye, mwulize: shimo ni la nani? Nani alitoa fedha za chakula, kamba na taa? Huyo ndiye atakayelipwa kwanza, na kijana huanza kazi akiwa tayari ana deni. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo huko, wakafa watu wapatao 50, wengi wao vijana.

Na juu, nje ya mashimo, wako akina mama. Wao huyapokea mawe na kuyaponda kwa mkono mpaka yawe unga, ile kazi ambayo kampuni ya Sekenke iliwaachia mashine. Watu wa Kamituga wamewapa jina linalotokana na kutwanga, neno lile lile la kinu na mihogo. Vumbi la mwamba huwaingia kifuani, nao hutwanga tangu asubuhi, wengi wakitafuta karo ya shule.