Miche Izaliwayo Chupani

Ikiwa umelelewa Njombe au Mbeya hutashangaa nikikuambia kwamba mama yangu hachagui mbegu ya viazi, bali hubakiwa nayo. Viazi vikubwa huenda sokoni kulipa madeni. Vya wastani huliwa. Vilivyo vidogo kama goroli ndivyo virudivyo ardhini. Mwaka hata mwaka majani hujikunja na magunia hupungua. Majirani husema shamba limechoka. Aghalabu kilichochoka ni kiazi chenyewe.

Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo virusi vya mzazi humwandama mtoto, wala hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuviondoa. Lakini miaka ya 1950 Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, walionyesha, kwanza kwa maua kisha kwa viazi, kwamba ile ncha kabisa ya chipukizi, isiyofika milimita moja, huweza kuwa safi hata mmea ukiwa mgonjwa. Ncha hiyo hukatwa chini ya hadubini na kuwekwa ndani ya chupa isiyo na kijidudu, juu ya rojo la agari itokanayo na mwani, lenye sukari, madini na vitamini. Usafi wake ni kama wa chumba cha upasuaji: ukungu ukiingia, chupa hutupwa. Mche ukishakua na kupimwa, hukatwa pingili pingili, na kila pingili huwa mche kamili baada ya wiki tatu au nne. Mche wenye pingili 5 huzaa miche 5. Mwezi wa pili 25. Mwezi wa sita 15,625. Hiyo ni hesabu ya karatasini, bila shaka.

Wala usidhani kazi hii ni ya wavaa makoti meupe peke yao. Huko Dalat, Vietnam, mapema miaka ya 1980, familia za wakulima zilikuza miche ya chupa majumbani mwao na kuwauzia wenzao.

Nilipomweleza mama hayo yote, aliuliza kama mche huo hauugui tena. Huugua, nilimjibu, vidukari huuletea virusi upya, na mnyauko huungoja udongoni. Akasema atautengea matuta mbali na yale ya zamani. Kisha akauliza bei. Mbegu safi hudai fedha kabla ya kupanda, majira ambayo mkoba wake ni mtupu. Vile viazi vya goroli havimdai kitu.