Usukani Ukicheza, Lala Chini ya Gari



Huenda kijijini kwenu liko gari moja tu, nalo ni Land Rover ya zamani. Gari hilo linabeba mbolea. Linabeba mahindi. Linabeba wagonjwa. Siku hizi pikipiki zimefika vijiji vingi, lakini mzigo mzito na njia mbaya bado ni kazi ya magari kama hayo.

Mimi niliendesha Land Rover ya kijiji kwa miaka mingi katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Leo nataka kukueleza habari za usukani wake. Hata kama wewe si dereva, soma. Siku moja utapanda nyuma ya gari hilo, na utapenda kujua kama dereva wako ameutazama usukani.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948. Yetu ilikuwa ya aina iitwayo Series III, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Katika miaka hiyo yote mpango wa usukani haukubadilika sana. Ukielewa wa gari moja, umeelewa karibu zote.

Sasa sikiliza jinsi unavyofanya kazi. Dereva akizungusha usukani, nguvu ya mikono yake haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Inapita njia ndefu. Inashuka kwanza kwenye boksi ya usukani. Boksi inasukuma mkono wa chuma. Mkono huo unasukuma bomba jembamba linalokwenda mbele ya gari. Hapo mbele, ndani ya chesi, kimesimama kitu kinachoitwa rilei. Rilei inapokea nguvu kwa juu na kuitoa kwa chini. Kwa chini inasukuma bomba la pili, nalo linageuza magurudumu. Bomba la tatu linaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja.

Kila bomba lina kiungo kila mwisho. Mabomba ni matatu, basi viungo ni sita. Mafundi wanaviita tairodi endi. Umewahi kuona nyonga ya mbuzi aliyechinjwa? Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa. Tairodi endi ni hivyo hivyo, ila yenyewe ni ya chuma. Juu yake kuna kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi. Mpira ukipasuka, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na chuma huanza kusagana na chuma.

Mwaka 1983 usukani wetu ulianza kucheza. Maana yake, niliweza kuuzungusha kidogo kushoto na kulia bila magurudumu kugeuka. Mwanzoni ulicheza upana wa vidole viwili. Baadaye ukawa upana wa kiganja. Je, niliona hatari? Hapana. Nataka uelewe jambo hili vizuri, maana ndilo linalowaponza madereva wengi. Ubovu wa usukani hauji siku moja. Unakuja polepole, na mikono ya dereva inauzoea. Mikono yangu ilikuwa inasahihisha gari kila wakati, na mimi sikujua kwamba inafanya kazi hiyo. Siku moja dereva wa kijiji jirani aliendesha gari letu mwendo mfupi tu. Aliposhuka alikuwa anatokwa na jasho. Akaniuliza, "Ndugu, unaliendeshaje gari hili?" Mimi nikacheka.

Lakini maneno yake yalinisumbua. Nilipokwenda mjini nikaingia gereji moja. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akauchezesha usukani, akafungua boneti. Hakuinama kutazama chini. Kwenye boksi ya usukani kuna skrubu yenye nati ya kuifunga isilegee. Fundi akalegeza nati, akaikaza skrubu, akafunga nati tena. Kazi ilikwisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kucheza kukapungua sana. Nililipa, nikarudi nyumbani kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo, usiku wa mvua, niliamshwa kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Lushoto. Uchungu ulikuwa umemkamata tangu mchana. Nyuma alikaa mume wake, mkunga, na mama mkwe wake. Barabara yetu ni ya udongo. Upande wa kushoto kuna ukingo wa mlima, upande wa kulia kuna korongo. Nilikata kona ya kushoto. Kona ilipokwisha, usukani haukurudi. Kwa kawaida usukani wa gari zima hurudi wenyewe ukiuachia kidogo. Huu ulikwama. Niliuvuta kwa mikono miwili na kukanyaga breki. Gari likapanda ukingo wa kushoto na kuzima pale, taa moja ikitazama majani ya mgomba.

Kama kona hiyo ingekuwa ya kulia, nisingekuwepo wa kukuandikia haya.

Mama yule alibebwa kwa machela sehemu iliyobaki, muda wa saa mbili, katika mvua. Alifika. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mume wake hakunilaumu kwa neno lolote. Alinitazama tu, na mimi nilitazama chini.

Asubuhi alikuja mzee mmoja, dereva mstaafu wa magari ya barabara. Alilizunguka gari mara moja. Aliuliza nani aliigusa skrubu ya boksi. Nilipomweleza, alitikisa kichwa, akanifundisha jambo ambalo sijalisahau.

Gari hutembea zaidi njia iliyonyooka kuliko kwenye kona. Kwa hiyo boksi ya usukani huchakaa zaidi katikati, mahali inapokaa gari likinyooka. Pembeni haichakai sana. Sasa, ukikaza skrubu mpaka kucheza kwa katikati kwishe, pembeni kutabana kupita kiasi. Barabara iliyonyooka utaona usukani mzuri. Kwenye kona utakwama. Ndivyo ilivyonipata. Skrubu hiyo ina kazi yake, na fundi anayeijua huigusa kidogo tu, baada ya kumaliza kutazama vingine vyote. Tena akishaigusa huuzungusha usukani wote, kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, kuona kama unabana mahali.

Mzee aliirudisha skrubu nyuma. Kucheza kukarudi kama zamani. Kisha akaniambia nilale chini ya gari.

Namna ya kupima ni hii, na haihitaji chombo chochote. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yote yakikanyaga ardhi. Zima injini. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mwenzako akae kwenye usukani na auchezeshe polepole, kushoto na kulia, kidogo tu. Wewe lala chini. Shika kiungo cha kwanza kwa kiganja, vidole vikigusa chuma cha huku na chuma cha kule. Kama kiungo ni kizima, vyuma viwili vitakwenda pamoja. Kama kimechakaa, kimoja kitakwenda kwanza, na cha pili kitafuata baadaye. Utausikia mshtuko mdogo katika vidole. Macho hayauoni vizuri, lakini vidole vinausikia. Nenda kiungo cha pili. Nenda cha tatu. Usiache hata kimoja. Kisha shika rilei, mkono wa juu na mkono wa chini. Hiyo nayo inatakiwa igeuke pamoja, na isipande wala kushuka.

Katika viungo vyetu sita, vinne vilikuwa vizima. Kimoja cha bomba la tatu kilikuwa kimelegea. Kile cha mwisho wa bomba la pili kilikuwa kibovu kabisa. Mpira wake ulikuwa umekwisha, na kichwa cha chuma kilikuwa karibu kuchomoka katika kikombe chake. Kingechomoka, usukani ungezunguka bure mikononi mwangu. Na boksi, ambayo ndiyo iliyokazwa, ilikuwa na uchakavu mdogo tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Miaka ile spea zilikuwa adimu nchini. Nilijua tungengoja wiki nyingi. Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji nikasema gari lisimame. Wakati huo kabichi zilikuwa shambani, tayari kupelekwa Mombo. Watu walikasirika. Mwenyekiti alisimama akasema, "Ndugu Dereva, gari linatembea. Wewe mwenyewe umelitoa kwenye ukingo na kulileta hapa. Kwa nini lisimame kabichi zioze?"

Sikuwa na maneno ya kumjibu. Nikamwomba anifuate. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, amevaa shati safi. Akalala chini ya gari, kwenye matope. Niliweka vidole vyake juu ya kile kiungo, na kijana mmoja akauchezesha usukani. Kisha niliweka vidole vyake juu ya kiungo kizima, ili apate kulinganisha. Alikaa kule chini kitambo bila kusema. Alipotoka alijipangusa mikono. Akasema, "Lisimame."

Lilisimama wiki tano. Kabichi nyingi zilishushwa kwa vichwa vya watu mpaka Soni, na nyingine zilioza kweli. Watu wengine hawakunisalimu kwa muda. Fundi mmoja wa mtaani alijitolea kujaza kile kiungo kwa kipande cha ngozi na bati, ili tuendelee kwa muda. Nilikataa. Nimeona baadaye kazi ya namna hiyo kwenye magari mengine. Inatulia siku chache, kisha ngozi inasagika, na ubovu unarudi ukiwa umejificha.

Spea zilipofika, tulifunga wenyewe. Kiungo kizee kinang'ang'ania tundu lake. Usikipige kwa juu, utaharibu nyuzi. Ondoa kotapini, toa nati, kisha weka nyundo nzito upande mmoja wa tundu, na piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Kitaachia. Unapokizungusha kukitoa kwenye bomba, hesabu mizunguko. Kipya kiingie mizunguko hiyo hiyo. Katika bomba linalounganisha magurudumu, nyuzi za mwisho mmoja ni za kulia na za mwisho wa pili ni za kushoto, ili bomba lirefuke au lifupike ukilizungusha. Baada ya kazi, pima kwa kijiti kilichonyooka, katika kimo cha katikati ya gurudumu. Magurudumu ya mbele ya Land Rover hizi yanatakiwa yakaribiane kidogo kwa mbele kuliko kwa nyuma. Tofauti iwe kati ya milimita 1.2 na milimita 2.4, yaani kama unene wa sarafu. Ukikosea, tairi zitakuonyesha. Zitalika upande mmoja upesi sana. Kisha weka kotapini mpya kila kiungo. Usifunge kwa waya.

Kuna matatizo mengine ya usukani, nayo ni rahisi zaidi. Usukani ukiwa mzito, anza na upepo wa tairi. Halafu angalia oili ya boksi na ya rilei. Juu ya rilei kuna bolti nne. Fungua mbili zinazotazamana, mimina oili nzito namba 90 katika tundu moja mpaka itokeze katika tundu la pili. Watu wengi hawajui kabisa kwamba rilei inakunywa oili. Lakini usiifungue rilei yenyewe. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Ikiruka inaweza kumvunja mtu taya.

Gari likivuta upande mmoja, pima upepo kwanza, kisha gusa magurudumu baada ya safari. Lenye moto kuliko mwenzake, breki yake inashika. Tazama pia kama jani la springi limevunjika.

Magurudumu yakitetemeka baada ya kupiga shimo, inua upande mmoja kwa jeki, na uweke magogo imara chini ya ekseli. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, nawe tikisa tena. Kucheza kukikoma, ni beringi za gurudumu. Kukiendelea, ni kingipini. Lakini kabla ya yote, osha gari. Mimi niliwahi kupoteza nusu siku nikitafuta ubovu, kumbe ni udongo wa mfinyanzi uliokauka ndani ya gurudumu moja.

Tulipomaliza, mzee yule alikuja akaketi kwenye kiti cha dereva. Aliuchezesha usukani kwa kidole kimoja, huku mimi nikiwa nimelala chini nimeshika kile kiungo kipya. Vyuma vilikwenda pamoja. Kucheza kulikobaki kulikuwa kidogo sana, upana wa kidole kimoja, na kulitoka kwenye boksi. Tuliiacha ile skrubu bila kuigusa. Kesho yake tulipakia kabichi zilizobaki, na Mwenyekiti akapanda mbele.