Chama cha kitoweo: Kuwinda wapiti katika baridi ya Wyoming

MKENYA aliyezaliwa baada ya 1977, mwaka ambao serikali ilipiga marufuku uwindaji, anajua jambo moja kuhusu mnyama wa porini: hutazamwa, haliwi. Anayepatikana na nyama ya swara ndani ya sufuria hupelekwa mahakamani. Kwa hivyo msomaji atastaajabu kusikia kwamba zipo familia za Wakenya huko Marekani ambazo huketi na daftari na kalamu, zikachanga pesa za kwenda kuwinda, na zikafanya hivyo kwa idhini ya serikali yenyewe.

Mnyama wanayemfuata Wamarekani humwita elk. Lakini jina alilopewa na wenyeji asilia wa kabila la Shawnee ni wapiti, yaani mwenye makalio meupe, na hilo ndilo linaloukalia vyema ulimi wetu. Dume ana pembe kubwa zenye matawi, ambazo matajiri hulipa maelfu ya dola ili wazitundike ukutani. Jike hana pembe. Ana nyama tu. Uzito wake hufika kilo 225 hivi, karibu sawa na ng'ombe wetu wa kienyeji, na kwa sababu hiyo yeye ndiye mnyama wa mtu wa kawaida.

Januari 2024 niliandamana na shemeji yangu, mkazi wa Denver, pamoja na wenzake watatu wa kazini, hadi jimbo la Wyoming. Jimbo hilo lina ukubwa wa kilomita mraba 253,000 lakini watu wake hawafiki 600,000. Linganisha na Nairobi, ambayo katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu milioni 4.4! Tulilala mjini Laramie, ulio mita 2,184 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa huko haupulizi, unapiga, na barabara kuu nambari 80 hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya theluji. Wao wanne walikuwa na leseni na bunduki. Mimi nilikuwa na kamera.

Hesabu zao zilikuwa kama za chama chochote cha akina mama wa Kayole au Buruburu. Leseni ya wapiti wa kawaida kwa mtu asiye mkazi wa Wyoming ilikuwa dola 692, lakini ile ya jike au ndama ilikuwa dola 288, yapata Sh37,000. Huombwa miezi mingi mapema kwa njia ya bahati nasibu, na zinazosalia huuzwa wakati wa kiangazi. Mwongozaji wa kukodiwa hudai maelfu ya dola, kwa hivyo hawakumchukua. Hata hivyo, sheria ya Wyoming inamkataza mgeni kuwinda wanyama wakubwa bila mwongozaji katika misitu iliyotengwa rasmi kuwa nyika. Iliwabidi wachague eneo lililo nje ya misitu hiyo. Gari lilikuwa moja, chumba kimoja, na chakula kilipikwa kwa jiko la gesi. Mbali na leseni, kila mmoja alitoa dola 150.

Kabla ya kuondoka palizuka suala gumu. Mmoja wao, kijana mwenye watoto wawili, alikuwa ameachishwa kazi mwezi wa Novemba. Leseni alikuwa nayo, lakini zile dola 150 hakuwa nazo. Wengine walinong'ona kwamba abaki nyumbani. Shemeji akakataa. "Huyu ndiye mwenye haja ya nyama kuliko sisi sote," alisema. Wakaandika katika daftari kwamba watamlipia, na kwamba nyama yote itagawanywa sawa kwa sawa, awe amepiga nani au amekosa nani. Kuandikiana mapema ni busara, kwani ugomvi wa nyama haujui urafiki.

Mwisho wa msimu una faida yake. Theluji ikizidi milimani, wapiti hushuka mabondeni kwa makundi makubwa, wakatafuta miteremko ambayo upepo umeipangusa na kuacha majani wazi. Ubaya wake ni kwamba wamekwisha kuwindwa miezi kadhaa, nao wana hofu ya binadamu. Aidha, mabonde mengi ni mashamba ya watu binafsi.

Siku ya kwanza tuliona alama za kwato tu. Siku ya pili upepo ulitufungia mjini. Asubuhi ya tatu, kwa darubini, tukaona kundi la majike kama sitini hivi, wametulia kwenye nyasi kavu alizowekewa ng'ombe, ng'ambo ya ua wa seng'enge. Umbali ulifaa kabisa kwa risasi. Yule kijana alilitazama kundi lile bila kusema neno.

"Shemeji," nikauliza, "kwani hawa si wanyama wa serikali?"

"Wanyama ni wa umma, shem, lakini ardhi ina mwenyewe. Twende tukamwombe."

Katika Wyoming suala la ardhi si mchezo. Reli ilipojengwa katika miaka ya 1860, serikali iliipa kampuni ya reli vipande vya ardhi kwa kuruka kimoja kimoja, kama miraba ya ubao wa drafti. Hadi leo ardhi ya umma na ya watu binafsi imepishana hivyo. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walishtakiwa kwa kuvuka pembe ya miraba hiyo, kutoka ardhi ya umma hadi ardhi ya umma, bila kukanyaga shamba la tajiri. Waliachiliwa mwaka 2022, na Machi 2025 mahakama ya rufani ikaamua kwamba walikuwa na haki ya kupita.

Mwenye shamba alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, naye alikubali bila kudai hata senti. Wapiti wale walikuwa wakiwala ng'ombe wake chakula cha majira ya baridi. Isitoshe, leseni ya Wyoming ina kikaratasi ambacho mwindaji humpa mwenye ardhi alipoua mnyama, naye hukipeleka kwa idara ya wanyama akalipwa. Nilimkumbuka mkulima wa Taita ambaye ndovu wamemmalizia mahindi, akingoja fidia miaka nenda miaka rudi.

Kabla ya saa sita mchana majike wawili walikuwa chini, mmoja akiwa wa yule kijana. Sitamficha msomaji: Januari majike wengi wana mimba, na kumpasua mnyama wa namna hiyo si jambo la kufurahisha. Wanne wale walifanya kazi kimya. Maelezo ya wataalamu ni kwamba dume mmoja huwapanda majike wengi, kwa hivyo kupunguza madume hakupunguzi kundi. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 bara zima lilibakiwa na wapiti wasiofika 100,000, kwa sababu watu waliua bila kipimo. Leo wako karibu milioni moja. Leseni zilizohesabiwa, pamoja na kodi ya asilimia 11 ambayo tangu 1937 hutozwa bunduki ndefu na risasi kwa ajili ya wanyama, zimesaidia sana.

Nyama ilikatwa vipande na kuburutwa juu ya theluji kwa masinia makubwa ya plastiki. Kila jike alitoa yapata kilo 75 zisizo na mfupa. Sampuli zilipelekwa maabara kwanza, kwa kuwa upo ugonjwa wa kudhoofisha ubongo uliogunduliwa Colorado mwaka 1967, na madaktari hushauri kwamba nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe. Majibu yalipokuja mazuri, kila nyumba ilipata kilo 37 hivi.

Wanafunzi wanaoelekea Marekani wasikurupuke. Sheria za bunduki kwa wageni wenye viza ni kali, na mtu asiguse silaha kabla ya kuwa na leseni halali ya uwindaji na kupata ushauri. Mafunzo ya usalama ni lazima, na vazi la rangi ya machungwa inayong'aa halikosi.

Nyama yenyewe ni nyekundu na haina mafuta, kwa hivyo dada yangu huikaanga kwa mafuta mengi, nyanya na dania, akaipakua kwa ugali. Yule kijana alipata kazi mwezi wa Aprili. Kufikia wakati huo friza yake ilikuwa bado na kilo nane.