Amerudi Bila Mfuko wa Chakula: Tumwangalieje?

Akina mama wenzetu, mgonjwa akirudi Urambo kutoka Bugando au Muhimbili baada ya kuondolewa mfuko wa chakula, majirani hujaa uani kumpa pole. Ni jambo jema. Ila sisi wauguzi tunajua kwamba kuanzia hapo ulinzi umehamia mikononi mwa mke, mama au dada wa nyumba ile.

Mtu anaweza kuishi bila mfuko huo. Mwaka 1897 daktari Carl Schlatter wa Zurich, Uswisi, alimwondolea mama mmoja mfuko wote, naye akaishi zaidi ya mwaka. Umio huunganishwa na utumbo mwembamba.

Majuma mawili ya kwanza tunahofu maungio hayo kuvuja. Homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma na kukaza, kupumua kwa shida, au mshono kutoa usaha: msingoje kupambazuke. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Kutapika kila kitu bila kupata choo, au choo cheusi kama lami, navyo ni vya kukimbiza hospitali.

Kisha kuna chakula. Katika ziara zetu za kanisa tulimkuta mama mmoja akitokwa jasho, moyo ukimdunda, wifi zake wakilia kwamba amerogwa. Kumbe dakika ishirini nyuma alikunywa bakuli zima la uji wa asali! Asali ya Tabora ni sifa yetu, lakini pasipo mfuko wa kuizuia, sukari nyingi huingia utumboni kwa kishindo na kuvuta maji ya mwili. Tulimlaza, hali ikapita. Mama mkwe akauliza, "Sasa wanangu, nisimpe cha kumtia nguvu?"

"Mpe, Mama, ila kidogo kidogo."

Ale mara sita kwa siku: yai, dagaa, maharage yaliyopondwa, karanga za kusaga, ugali kiasi. Atafune sana. Maji anywe nusu saa baada ya kula, si pamoja na chakula.

Hatari inayosahaulika huja baadaye. Bila mfuko, mwili hauwezi kufyonza vitamini B12 ya chakula vizuri. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, hivyo mgonjwa huonekana mzima, na baba wa nyumba husema, "Umeshapona, nauli ya nini tena?" Akiba ikiisha huja uchovu, viganja kupauka, ulimi kuuma, miguu kufa ganzi na kuyumba. Ganzi ikikaa sana huenda isiondoke tena. Sindano ya B12 ni ya maisha yote, wala si ya mpaka apate nafuu.

Basi, mama, tenga nauli ya kliniki kama utengavyo ada ya shule. Mpime uzito kila mwezi na uandike kwenye daftari, kama tulivyozoea kwa kadi ya mtoto. Uzito ukizidi kushuka, usinyamaze. Mpeleke kwa daktari pamoja na daftari lako.